Usimpigie Masolwa

Simu ya Vedasto ilimkuta mkewe Flavia mbele ya jiko, anamenya karanga na jirani yake Jenifa huku wakimsengenya mwalimu wa kwaya. Ilikuwa alasiri ya mwezi wa tano. Mvua zilikuwa zimekwisha lakini mito ilikuwa bado imejaa, na Flavia hakuwa na neno zito moyoni. Mumewe alikuwa porini anarina asali. Wenzake walikwisha rudi salama na baiskeli zao, naye aliwaambia atabaki kidogo kuteremsha mizinga ya mwisho. Flavia aliipokea simu kwa kidole kimoja, maana mikono ilijaa vumbi la maganda, akaiacha juu ya ungo iongee yenyewe kwa sauti kubwa.

"Mama Stela," sauti ya Vedasto ilisema, "usishtuke."

Mwanamke yeyote aliyeolewa anajua kuwa hakuna maneno yanayoshtua kama hayo. Flavia aliinyakua simu kutoka kwenye ungo, karanga zikamwagika.

"Kuna nini? Uko wapi?"

"Niko Koga. Niko juu ya kichuguu."

"Unafanya nini juu ya kichuguu?"

"Nafanya nini! Mtumbwi umezama, mama Stela. Maji yako pande zote. Mimi ni mzima, nimeokoa ndoo moja ya asali. Ila maji yanapanda, na kuna viboko hapa mbele wananiangalia tu."

"Viboko wangapi?"

"Sasa nianze kuwahesabu? Sikiliza, simu inazima. Niko bondeni chini ya kivuko, pale penye mikoche miwili. Mwambie mwenyekiti atafute watu. Mpigie yeyote unayemjua. Lakini usimpigie Masolwa. Umenisikia? Mtu yeyote, ila sio Masolwa."

Simu ikakatika. Flavia alipojaribu kuipiga tena, ilikuwa haipatikani.

Jenifa alibaki na karanga moja mkononi, hajui aiweke wapi. Kwenye mkeka, mama yake Vedasto, Bibi Eustadia, ambaye masikio yake huchagua ya kusikia na ya kuacha, alikuwa amesikia yote. Alivuta rozari yake kutoka kwenye pindo la khanga, akasema, "Koga? Maji ya mwezi huu?" Halafu akaanza kusali kabla hajajibiwa.

Ni lazima tumseme kidogo huyu Masolwa, kwa sababu bila yeye mtu anaweza kudhani Vedasto alikuwa amepatwa na wazimu huko juu ya kichuguu.

Masolwa ni Msukuma, aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga miaka mingi iliyopita, akafika mto Koga na kukataa kuendelea. Ng'ombe wake wanaendelea kuchungwa na wanawe. Yeye mwenyewe aliyapenda maji uzeeni, kama wengine wanavyopenda pombe. Alinunua mtumbwi wa mbao, akaupaka lami ndani na nje, akaanza kuvusha warina asali na baiskeli zao pale penye kivuko. Vedasto ni Mnyamwezi. Msukuma na Mnyamwezi ni watani, na wawili hawa walikuwa watani wa kutokupeana hata nafasi ya kuvuta pumzi. Wakikutana sokoni Ipole watu huacha kununua nyanya ili wasikilize. Mwaka jana nyumba ya Vedasto ilimpelekea Masolwa, kwa utani, habari kuwa Bibi Eustadia amefariki. Masolwa alikuja analia kutoka Koga na mbuzi wa msiba, akamkuta marehemu anakula viazi. Alichinja mbuzi hata hivyo, akala paja zima peke yake kwa hasira, akaapa mbele ya watu wote kwamba kuanzia siku ile hata akipigiwa simu na maiti mwenyewe hataamini.

Na mwaka huu, Vedasto alikuwa amekataa kuvushwa. Alitangaza kuwa Mnyamwezi hawezi kuvushwa mto na mchunga ng'ombe aliyejifunza maji juzi. Akabandua gome refu la myombo, akalikunja na kulishona mtumbwi kama walivyofanya babu zake, na pale kwenye mishono akaziba kwa nta ya nyuki. Masolwa alikuja kuutazama. Aliuzunguka mara mbili, akauliza, "Mtani, nta? Kwa nini usitumie lami?" Vedasto akamjibu kwamba lami ni ya barabara na nta ni ya wenye akili, na kwamba siku Masolwa atakapozama amwite yeye. Kauli hiyo ilisemwa kivukoni, warina asali wote wapo. Basi mtu aliyesema hayo, sasa yuko juu ya kichuguu, amempigia mke wake ambaye hajui kuogelea, aliye nusu siku ya pikipiki kutoka kwenye maji.

*

Flavia alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji mbio, khanga moja kiunoni na nyingine mkononi, Jenifa nyuma yake. Mwenyekiti Plasidi alikuwa anakula. Ni mtu mzuri, hakuna anayesema vinginevyo, lakini akiwa anakula na akiwa anaongoza huwa hana haraka.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama Stela. Karibu. Mbona mnahema? Leteni kigoda."

"Sikai, mwenyekiti. Baba Stela amezama Koga."

Plasidi aliweka tonge chini. "Amefariki?"

"Hajafariki! Yuko kwenye kichuguu. Maji yanapanda."

"Ah. Basi ni mzima." Akalichukua tena lile tonge. "Sasa tuelewane. Alivuka kwa chombo gani?"

"Mtumbwi wake."

"Ule wa gome? Si nilisema kwenye mkutano kwamba vyombo vyote vikaguliwe? Jenifa, wewe ulikuwepo. Nilisema au sikusema?"

Jenifa akakubali kwamba alisema. Watu wawili watatu waliokuwa wanapita walisimama kando ya uzio. Flavia alijiona amesimama katikati ya ua wa mwenzake, nywele hazikufunikwa, anasubiri mtu amalize ugali ili mumewe aokolewe, na wenye kupita wanamtazama kwa huruma ile inayokaribia kicheko. Hakuwahi kuombaomba tangu aolewe. Mashavu yalimwaka moto.

"Mwenyekiti, jua linakwenda."

"Naliona. Ndiyo maana nasema tusikurupuke. Nitamwita mtendaji, nitaita na wazee wawili wa kamati ya maafa, tukae, tuangalie nani ana pikipiki nzima, nani anachangia mafuta. Kwa sababu nikituma kijana na pikipiki, atafika Koga saa ngapi? Na akifika, ana mtumbwi?"

Swali hilo la mwisho lilikuwa la maana kuliko yote aliyoyasema, lakini yeye mwenyewe hakulisikia. Flavia alilisikia. Alishukuru, akatoka, na nyuma yake akamsikia mwenyekiti akiagiza maji ya kunawa.

*

Walipofika nyumbani Flavia alitazama simu yake. Salio lililobaki lilitosha kubipu tu. Jenifa alimpa ya kwake bila kuombwa, maana alikuwa na dakika alizonunua kumpigia mchumba wa binti yake na kumkaripia.

"Piga ile namba ya dharura," Jenifa alisema. "Haina hata gharama."

Aliyepokea alikuwa mwanamke, sauti yake changa lakini imetulia. Hakumuuliza mtumbwi ulikuwa wa nini. Aliuliza mtu yuko wapi, maji yako kiasi gani, kama ameumia, kama kuna watoto pamoja naye. Flavia alijibu, na kila alipojibu alihisi kifua kikifunguka kidogo.

"Mama, nisikilize," yule dada alisema. "Taarifa naipeleka wilayani sasa hivi na watu watatoka. Sitakudanganya, kwa umbali huo na barabara hiyo hawatafika kabla ya giza. Kwenye maji tunaanza na aliye karibu na maji. Kuna mvuvi? Kuna mtu wa kivuko? Mtu yeyote mwenye mtumbwi mzima aliye karibu naye?"

Flavia alimtazama mama mkwe wake.

"Mama? Yupo?"

"Yupo," Flavia alisema polepole.

"Mpigie huyo kwanza. Sasa hivi. Halafu unipigie mimi tena."

Aliikata simu, akaikodolea macho. Jenifa alimtazama kwa namna ya kusema. Namba ya Masolwa ilikuwa kwenye simu ya Flavia, imehifadhiwa kwa jina la "Ng'ombe", kwa mkono wa Vedasto.

"Amenikataza, mama," Flavia alimwambia mkwewe. "Umemsikia mwenyewe. Nikimpigia nitakuwa nimemvunjia heshima yake. Atasema nilimuuza kwa Masolwa."

Bibi Eustadia aliishika shanga aliyofikia ili asipotee. "Amekukataza nani?"

"Mwanao."

"Aliyeko juu ya kichuguu?" Bibi alisema. "Mwanangu, aliyeko juu ya kichuguu hatoi amri. Anasubiri tu. Mpigie mtani."

*

"Namba ngeni," Masolwa alisema, na nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia. "Wewe nani?"

"Mimi Flavia, shemeji. Mama Stela."

"Shemeji! Mmenunua na laini mpya kabisa. Leo nani amekufa?"

"Shemeji, Vedasto amezama. Mtumbwi umezama. Yuko Koga kwenye kichuguu, karibu na wewe, pale kwenye mikoche miwili. Maji yanapanda."

Masolwa alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba maziwa. "Haya. Mwaka jana mama mkwe, mwaka huu mume. Mwakani mtamuua nani, paka? Mwambie huyo mumeo asinywe maji yote, ng'ombe wangu watakunywa nini?"

"Shemeji..."

"Na viboko nao nawahurumia. Wamle Mnyamwezi? Si wataharisha mto mzima! Wewe usilie, shemeji. Ujane wa Kinyamwezi hauna shida, mimi nitakurithi. Nitakuhamishia kwenye zizi, ulale na ndama, utakuwa umepanda cheo kutoka hapo ulipo."

Sasa, Flavia si mtu wa kuachiwa maneno kama hayo. Ni binti wa katekista, amelelewa Tabora mjini, anaimba sauti ya kwanza kanisani, na wageni humdhania mpole. Lakini tangu alipoolewa kwenye nyumba ile, Masolwa hakuwahi kumrushia neno likaanguka chini. Alikuwa akimjibu huku anapepeta mchele, huku ananyonyesha, na safari moja alimjibu kwenye foleni ya komunyo, kwa kunong'ona. Vedasto mwenyewe akishindwa alikuwa akimgeukia mkewe kuomba msaada. Na hata sasa jibu lilikuwepo. Alilijua lilipo, jibu zuri tu, juu ya ndama na baba yake Masolwa. Alifungua mdomo kulitoa.

Halikutoka. Alimwona Vedasto akilini mwake, amesimama na ndoo yake, jua linashuka nyuma yake. Kilichotoka ni pumzi tu.

"Umekaa kimya," Masolwa alisema, bado anacheka. "Ndama wamekutisha?"

Flavia hakujibu. Jenifa alimshika bega.

"Shemeji?" Kicheko kilikuwa kimepungua. "Shemeji Flavia. Nimekwambia utalala na ndama."

Kimya. Kule upande wa pili ng'ombe mmoja alilia, na mtu akamnyamazisha.

"Flavia," Masolwa alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tupu, bila shemeji wala mtani. "Nitukane."

Alijaribu. Mungu ni shahidi alijaribu. Machozi ndiyo yaliyokuja.

"Mikoche miwili, umesema?" Sauti ile sasa ilikuwa ya mtu mwingine, ya mzee anayetafuta viatu vyake. "Upande wa chini au wa juu?"

"Chini," Flavia alisema. "Chini ya kivuko."

"Nakwenda," Masolwa alisema, na kabla simu haijakatika walimsikia anapiga kelele kwa Kisukuma aletewe pondo na kamba.

*

Kazi ya kusubiri haina pa kuishika. Flavia alimpigia yule dada wa namba ya dharura, akamwambia mtu wa kivuko amekwenda, na yule dada akasema, "Vizuri sana, mama," kwa furaha ya kweli. Kisha hakukuwa na la kufanya. Flavia aliokota karanga zilizomwagika, moja moja, akazimenya zote pamoja na za Jenifa. Aliwasha moto, akainjika maji bila kujua ya nini. Majirani walianza kuja, mmoja na unga, mwingine na kuni, wakakaa uani kwa sauti ya chini ambayo Flavia aliichukia, kwa sababu ilikuwa sauti ya msiba. Mwenyekiti naye alifika, tusimnyime haki yake, na mtendaji na wazee wawili na pikipiki yenye mafuta. Ndiyo kwanza walikuwa wanajadili nani aipande.

Simu ya Jenifa ililia jua likiwa limegusa miti. Ilikuwa namba ya Masolwa. Ua mzima ulisimama. Flavia aliiweka sikioni, na mkono wake mwingine ulikuwa unamshika mama mkwe, au mama mkwe alikuwa anamshika yeye.

"Nilikwambia usimpigie huyu!" Vedasto alifoka.

Flavia alikaa hapo hapo chini, kwenye maganda ya karanga. Alicheka. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka, na watu wakaelewa, na Jenifa akapiga kigelegele kilichosikika hadi kanisani.

"Nisamehe, baba Stela," alisema alipoweza. "Kidole kiliteleza."

"Kidole! Unajua anavyonifanya huyu? Amenifunga kamba kiunoni kama ng'ombe. Anasema ni kanuni ya usalama."

"Umekula?"

Sauti ya Vedasto ilishuka. "Sijala. Nina baridi, Flavia. Nilidhani giza litanikuta pale."

"Njoo nyumbani," alimwambia.

*

Alirudi kesho yake mchana, nyuma ya ile pikipiki ya kamati, amevaa shati la Masolwa lililomfika magotini. Mkewe alimkanda mgongo kwa maji ya moto wala hakumgombeza. Alikuwa amejiandaa kumgombeza. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno, jinsi mtu anavyoweza kupenda kuzikwa kuliko kuchekwa, na kumwacha mwenzake aombe wokovu kwenye ua wa mtu anayekula. Lakini mgongo ule ulikuwa umeumwa na siafu wa kichuguu kutoka shingoni hadi kiunoni, na alipouona maneno yalimwisha.

"Ilikuwa nta," Vedasto alisema mwenyewe, anaitazama ndoo ya maji. "Niliuacha mtumbwi juani wakati napanda kwenye mizinga. Nta ikalainika. Nilipofika katikati mishono ikafunguka yote kwa pamoja. Nimeishi na nta tangu nizaliwe, mama Stela. Naiyeyusha juani kila mwaka kwa mikono yangu hii."

"Umemwambia Masolwa?"

"Sikumwambia. Alipofika aliangalia tu vile vipande vya gome vinavyoelea, akavinusa."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Ndicho kinachoniogopesha."

Wiki ile kila mrina asali wa kijiji alipita pale nyumbani, na kila mmoja aliondoka na namba ya Masolwa. Mwenyekiti Plasidi aliitangaza mkutanoni, akasema ni mpango aliokuwa nao siku nyingi: ya Masolwa kwa walio chini ya kivuko, ya mvuvi mmoja wa Kiha kwa walio juu, na ile ya dharura kwa wote, na mtu asipande mtumbwi simu yake haina chaji. Watu walimpigia makofi. Flavia naye alipiga, maana mpango ulikuwa mzuri hata kama mwenye mpango ni Plasidi.

*

Jumapili Masolwa akaja mwenyewe kudai haki yake.

Kila mtu alijua ataidai, na kwa utani mtu aliyemtoa mtani wake kifoni anaweza kuchukua atakacho, wala hakuna wa kumzuia. Vedasto alikuwa amejipanga. Uani palikuwa na ile ndoo ya asali aliyookoka nayo, jogoo mkubwa amefungwa mguu, baiskeli imefutwa vumbi endapo itatakiwa. Watu walijaa tangu misa ya pili ilipotoka. Masolwa aliingia na fimbo yake na kofia yake, akamwamkia Bibi Eustadia, "Shikamoo mama, bado hujafa?" na Bibi akamjibu, "Marahaba, nakusubiri wewe utangulie," wote wakakaa vizuri wakijua siku imeanza.

Aliisimulia habari nzima. Alisimulia alivyotokea kwenye matete na kumkuta Vedasto amesimama juu ya kichuguu, maji yamefika vifundoni, amekumbatia ndoo, siafu wanampanda, na viboko upande wa pili. Na Vedasto alipomwona, badala ya kupiga kelele, alijikohoza.

"Akaniuliza, 'Unaelekea wapi, mtani?' Nikamwambia, 'Napita tu.' Akasema, 'Basi kama unapita, nisogeze kidogo.'"

Watu waliangua kicheko, na aliyecheka zaidi alikuwa Vedasto, anajipiga mapaja, machozi yanamtoka. Alicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mwenyekiti aliomba irudiwe, ikarudiwa.

"Haya, chukua chako," Vedasto alisema. "Asali hiyo, jogoo huyo. Baiskeli ukiitaka chukua."

Masolwa aliitazama asali. Alimtazama jogoo. Akatikisa kichwa.

"Sitaki kitu chako. Mimi nina neno na huyu." Alimwelekezea fimbo Flavia, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko na upawa mkononi. "Juzi nilimtukana mwanamke huyu kwenye simu, nikamtukana tena, akanyamaza. Nimevuka Koga imejaa, nimepita katikati ya viboko, sikuogopa. Niliogopa kile kimya. Tangu siku ile nikilala nakisikia, nikikamua nakisikia. Chakula chake kitanipitaje kooni hivi hivi?" Aliiweka fimbo chini. "Shemeji, haki yangu ni hiyo. Nilisema utalala na ndama. Nijibu."

Flavia alifuta mkono kwenye khanga. Aliwatazama watu, akamtazama mumewe aliyekaa pale na mgongo wake uliopakwa mafuta, mzima, anatabasamu na kumngojea kama zamani alivyokuwa akimngojea ashinde. Kisha akatoka mlangoni na kuja katikati.

"Masolwa," alisema. "Kwanza ulichelewa. Mume wangu anazama, wewe unaaga ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, na ninavyosikia wale ng'ombe ndio waliokukumbusha pondo linashikwa upande gani."

"Eee!" watu walisema.

"Ndama nitalala nao. Ndama wana adabu. Nitalala mbali na yule mmoja tu anayefanana na baba yako, maana huyo hata mama yake alimkataa."

Jenifa aliinama akishika tumbo. Masolwa alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinuka, kama mtu anayenyeshewa mvua ya kwanza.

"Endelea," alisema. "Endelea, shemeji."

"Na siku yako ikifika," Flavia alisema, na sauti ikaanza kumtetemeka, "siku utakapokufa wewe, Masolwa, tutakuja wote na vigelegele. Tutakula ng'ombe wako wote mpaka mikia. Na mimi mwenyewe nitasimama kichwani pako, na sitatoa hata chozi moja. Unanisikia? Hata moja."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Masolwa alifumbua macho, akamtazama kwa muda, akavuta kigoda karibu na meko.

"Sasa nipakulie," alisema.